Simu, Mtandao na Nyumba Zetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Maswali haya nimeyaokota kwa miaka kadhaa ya kukaa na wazazi, wanandoa na vijana huku kusini. Mengine yameulizwa kwenye vikao vya shule, mengine barazani baada ya swala ya alasiri, na mengine nimepigiwa saa sita usiku. Ndiyo, watu hunipigia usiku wa manane kuniuliza namna ya kuacha simu. Ukiona jibu linakupeleka kwenye swali jingine, lifuate. Sikutaka kusema jambo moja mara mbili.

## Mambo ya msingi

1. Uraibu wa intaneti ni ugonjwa kweli, au ni utovu wa nidhamu tu?

Jina lenyewe lilianza kwa mzaha. Mwaka 1995 daktari wa akili wa Marekani, Ivan Goldberg, alibuni ugonjwa huo kwa maandishi ili kuwakejeli wenzake waliopenda kugeuza kila tabia kuwa maradhi. Mwaka uliofuata mwanasaikolojia Kimberly Young akaanza kuuandikia kwa dhati, na baadaye akatunga dodoso la maswali 20 ambalo bado linatumika.

Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, haina ugonjwa unaoitwa uraibu wa intaneti. Ina viwili vinavyoukaribia: uraibu wa michezo ya video na uraibu wa kamari, na vyote viwili vinahesabika hata vikifanyika mtandaoni. Kwa hiyo daktari hatakuandikia cheti kwamba unaumwa TikTok. Lakini mama ambaye mtaji wake wa vitumbua umeishia kwenye bando hahitaji cheti ili ajue kuna jambo.

2. Ni saa ngapi kwa siku ndipo tuseme mtu ana uraibu?

Hakuna idadi. Fundi simu pale stendi anashinda na kioo mkononi tangu asubuhi, akifunga kibanda anakwenda kucheza bao hadi giza linaingia. Mwingine anatumia saa mbili tu, ila ni zile saa mbili ambazo watoto wako macho na yeye yuko nyumbani.

Mimi huuliza swali moja: simu imesukuma nini pembeni? Kama iliyosukumwa ni redio, sina neno. Kama ni usingizi, kazi, swala, au maongezi ya kwenye mkeka wakati wa chakula, hapo tuongee.

3. Kwa nini mtu hawezi kuiweka chini tu?

Mtazame mvuvi wa mshipi pale feri. Angejua hakuna samaki, angekunja vitu vyake akarudi nyumbani. Angejua kila akitupa anapata, angejaza ndoo akaondoka mapema. Kinachomkalisha ni kutojua. Mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alilionyesha hilo zamani kwa panya na njiwa: mnyama anayepata chakula kwa bahati, mara kipo mara hakipo, hubonyeza kitufe kwa ukaidi kuliko anayepata kila mara. Unapotelezesha kidole, video tisa ni takataka, ya kumi inakuchekesha hadi unamwita jirani. Hiyo ya kumi ndiyo chambo.

Halafu kuna suala la ukurasa usio na mwisho. Mbunifu Aza Raskin aliutengeneza mwaka 2006, na baadaye amesema hadharani kwamba anaujutia. Ukurasa wa zamani ulikuwa na mwisho, na mwisho ulikuwa mlango wa kutokea.

Ila mitambo si sababu yote. Wengi ninaokaa nao hawaifuati simu, wanakimbia kitu: deni, msiba, kukaa bila kazi, ndoa iliyonyamaza. Ukimnyang'anya mtu kama huyo simu, umemvua nguo huku mvua inanyesha.

4. Nitajuaje kama ni mimi?

Kumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika na mtandao ukazorota nchi nzima. Ilikuwa ni wiki moja tu baada ya kimbunga Hidaya. Siku ile ulifanyaje? Kuudhika ni kawaida, biashara zilisimama. Lakini kama ulizima na kuwasha simu mara thelathini, ukamfokea mtoto asiye na kosa, kisha mtandao uliporudi ukajifungia chumbani, hilo ni jibu.

Alama nyingine: unadanganya muda uliotumia, umejaribu kupunguza ukashindwa zaidi ya mara moja, unaendelea ingawa hasara unaiona kwa macho yako.

## Mwili, usingizi na kazi

5. Bando la usiku ni rahisi, kwa hiyo naperuzi hadi saa nane. Si nalala mchana?

Usingizi wa mchana haulipi deni lote, na mchana wenyewe una kelele za wauza samaki. Mtu mzima anahitaji walau saa saba, kijana wa sekondari saa nane hadi kumi. Mwanga wa kioo karibu na macho huchelewesha homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, na unachokitazama kinaamsha akili zaidi ya huo mwanga.

Bei rahisi ya usiku ni bei ya muuzaji. Anayelipa tofauti ni asubuhi yako. Mkulima mmoja wa upande wa Tandahimba alinihesabia hasara yake vizuri kuliko mtaalamu yeyote. Salfa ya kuzuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, hupulizwa alfajiri, majani yakiwa bado na umande na upepo haujaanza. Yeye alikuwa analala saa tisa, anaamka jua limetoka, anafika shambani umande umekauka na upepo unavuma. Akipuliza, vumbi la salfa linakwenda kwa jirani. "Mwaka ule," aliniambia, "mikorosho ya jirani ilipona kwa dawa yangu."

6. Macho yanawasha, shingo inauma. Nitapofuka?

Hupofuki. Ukikodolea kioo unapepesa macho mara chache, yanakauka. Inua kichwa, tazama mbali, pumzika. Yakiendelea, muone mtaalamu wa macho, huenda unahitaji miwani tu.

## Ndoa

7. Mwalimu, mume wangu anashinda kwenye simu. Niipekue akilala?

Hili ndilo swali linaloongoza, na jibu langu halipendwi: usipekue. Usipokuta kitu hutaamini, utasema amefuta. Ukikuta kitu, kesho yake maneno hayatakuwa juu ya alichofanya, yatakuwa juu ya wewe ulivyofungua. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kifaa cha mtu bila ruhusa, na haikuandika "isipokuwa mke".

Dada mmoja wa Mikindani alinieleza usiku wake hivi. Wamelala chandarua kimoja, mume amempa mgongo, na mwanga wa simu unakwenda na kurudi kwenye neti kama mtu anayevuta sigara gizani. Yeye anahesabu matundu ya chandarua. Wakati mwingine mume anacheka peke yake. "Ninachotaka," alisema, "ni kujua anacheka nini, na mimi nicheke."

Nikamwambia: yapeleke maneno hayo hayo kama yalivyo. Usiseme "una malaya humo". Sema unachokikosa. Na chagua saa: siyo anapoingia mlangoni na njaa, siyo mbele ya watoto, na kamwe siyo mbele ya mawifi.

8. Nimegundua anachati na mwanamke ambaye hawajawahi kuonana. Je, huo ni usaliti?

Wapo watakaokuambia kwamba bila kugusana hakuna kosa. Mimi kipimo changu ni kufichwa. Kama maongezi ya kila siku, utani na siri za nyumbani vinapelekwa kwa mtu mwingine, na wewe ukikaribia simu inageuzwa kifudifudi, kuna kitu chako kinagawiwa.

Huku kwetu wanawake wengi hupeleka shauri kwa somo yao au kwa mjomba. Si vibaya, mradi mjomba ni mtu wa kutuliza na si wa kuchochea. Nakiri makungwi wetu wanafundisha mengi ya ndoa, ila la simu sijasikia kama limeingia unyagoni. Lingefaa kuingia.

9. Naweza kuomba talaka kwa sababu ya simu?

Kwa mahakama, simu yenyewe si hoja; hoja ni kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebika. Kinachotazamwa ni yale yaliyozaliwa na simu: kutelekeza familia, ukatili, ugoni. Na chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa kawaida shauri huanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, na baraza likishindwa kuwapatanisha ndipo linatoa hati ya kwenda mahakamani. Wengi ninaowajua waliishia hapo barazani, wakarudi nyumbani. Si wote walirudi na furaha.

## Watoto

10. Mtoto wangu wa miaka miwili hali bila kuwekewa katuni. Nifanyeje?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema hivi: chini ya miaka miwili asitazame kioo kabisa, kuanzia miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora.

Toa simu kwenye chakula kwanza, kabla ya kupunguza kwingine. Atalia siku tatu, nne, pengine wiki. Bibi atakuambia unamtesa mjukuu wake. Vumilia. Mtoto hafi njaa penye sahani. Mpe kitu cha kushika mwenyewe: ming'oko ya kuchemsha (viazi pori vya huku kwetu) inafaa sana, atahangaika na maganda, atajipaka, atakula nusu na nusu itakwenda kwa kuku. Katuni humlisha mtoto asiyejua kama anakula.

11. Kijana wa kidato cha tatu akiwa likizo hatoki chumbani. Nimnyang'anye simu?

Baba mmoja aliipiga simu ya mwanawe juu ya jiwe, mbele ya wadogo zake. Kijana akaazima nyingine kwa rafiki, na tangu hapo akajifunza kuificha na kudanganya. Baba alishinda siku moja.

Panga naye mipaka kabla likizo haijaanza. Mpaka mmoja unaoshikwa ni bora kuliko kumi inayosahaulika, na ninaoupendekeza ni huu: usiku simu zote za nyumba zinalala sebuleni. Zote, pamoja na yako. Halafu tazama anachokikimbia (swali la 3). Kijana aliyefeli mtihani wa muhula, au aliyetukanwa kwenye grupu la darasa, atajifungia hata ukimpa kitabu. Akiwa anatishwa na mtu kwa sababu ya picha zake, usimpige. Piga 116, namba ya bure ya huduma kwa watoto.

12. Anacheza gemu tu. Si afadhali kuliko kuvuta bangi?

Afadhali, na wengi wanaocheza hawana tatizo lolote. Daktari huanza kusema uraibu pale kijana anaposhindwa kujizuia, gemu inapotangulia mambo mengine yote, na anapoendelea ingawa anaharibikiwa; kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Likizo moja ya Desemba haitoshi kumpa mtu jina la mgonjwa.

13. Shule zimekataza simu. Tatizo si limekwisha?

Limehamia Jumamosi.

## Fedha

14. Mume wangu amebeti hela ya korosho. Huu nao ni uraibu wa mtandao?

Ni kamari, na simu imeipunguzia safari. Zamani ilibidi mtu atoke, aende kibandani, aonekane na watu. Sasa malipo ya mnada yanaingia benki, anayahamishia kwenye simu, na kabla hajafika nyumbani ameshasuka mkeka, yaani dau la mechi nyingi ambazo lazima azipatie zote. Aibu ya kuonekana, ambayo ilikuwa breki, haipo tena.

Hesabu hii huwa nawafanyia vijana kwa kijiti mchangani. Chukua mkeka wa mechi 15, na tuseme kwa ukarimu kwamba kila mechi una nafasi 6 kati ya 10 ya kupatia. Zizidishe zote. Unapata nafasi moja katika kila mikeka 2,100 hivi. Ukisuka mmoja kila siku, ni karibu miaka sita kungoja ushindi mmoja, na hakuna aliyekuahidi kwamba utakuja. Yupo aliyenijibu: "Sasa si unaweza kuja leo?" Huyo ndiye mvuvi wa swali la 3.

La kufanya: msimu ukikaribia, kubalianeni kabla ya malipo, siyo baada. Ada za shule na pembejeo zilipwe siku ileile hela inapotoka. Akikubali mwenyewe, aombe kampuni imfungie akaunti. Na chini ya miaka 18 kubeti ni marufuku kisheria. Anayempa mtoto laini yake abeti naye ana kosa mbele yangu.

15. Alikopa kwenye programu za simu, sasa wanatutumia ujumbe wa matusi ndugu wote.

Programu hizo huomba ruhusa ya kusoma majina yako yote ya simu, na mtu mwenye haraka hubonyeza "kubali". Ndiyo maana shemeji wa Nachingwea asiyejua chochote anaambiwa wewe ni tapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Hifadhi ujumbe wote, usifute kwa hasira, peleka polisi. Usikope kwenye programu ya pili kulipa ya kwanza. Na waambie ndugu ukweli mapema. Aibu ya mara moja ina nafuu kuliko ya awamu.

## Kupata nafuu

16. Nianzie wapi?

Fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu inayoonyesha muda uliotumia kwa kila programu. Usifanye kitu kingine siku hiyo, tazama tu. Wengi hunyamaza.

Kisha zima arifa zote isipokuwa za kupigiwa na za watu wa nyumbani. Nunua saa ya mezani yenye alamu, maana kisingizio cha kwanza cha kulala na simu ni "ndiyo inayoniamsha alfajiri". Acha kifurushi cha mwezi, nunua cha siku, kidogo, kikiisha kimeisha. Wapo waliorudi kwenye kitochi kwa wiki mbili, laini moja mfukoni, na hawakufa.

Lakini pengo lijazwe. Kama ni mpira, nenda uwanja wa Nangwanda Sijaona ukatazame umesimama na watu, upige kelele. Kama ni maongezi, baraza bado zipo. Anayeondoa simu bila kuweka kitu huirudia ndani ya siku kumi, hilo nimeliona mno.

17. Mama mkwe anasema kachezewa. Tumpeleke kwa mganga?

Sibishani na imani ya mtu. Kama shehe au mchungaji atamfanya akae na kuongea, mpelekeni. Ila angalieni gharama, maana nimeona familia imeuza mabati kumtibu kijana ambaye tatizo lake lilikuwa amefiwa na kaka yake na hakuna aliyemuuliza habari. Na akiwa halali kabisa, anasikia sauti, au anasema bora afe, msingoje. Hospitali siku hiyohiyo.

18. Hospitali gani, na nikaseme nini?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya rufaa ya mkoa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Ipo pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, pale Mitengo. Mwombe mtu wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii. Usiseme "ana uraibu wa simu" ukanyamaza, watakucheka mapokezi. Sema yanayoonekana: halali tangu lini, ameacha nini, amepoteza kiasi gani. Mara nyingi chini yake kuna sonona au wasiwasi, na hivyo vina tiba.

## Maswali magumu kidogo

19. Biashara yangu iko kwenye status. Nikizima simu, nani atanunua pweza wangu?

Usizime. Tenga simu ya biashara na laini yake, isiwe na kitu kingine, na andika saa za kujibu wateja. Mteja wa pweza hafi kwa kungoja hadi saa moja asubuhi. Hatari yako ni ile ya "naingia mara moja kujibu mteja", kisha dakika arobaini zinapita unatazama harusi ya watu wa Zanzibar usiowajua.

20. Na kama mzazi ndiye mwenye tatizo?

Basi niongee ya kwangu. Ilikuwa Ramadhani, tumekaa kwenye mkeka tunafuturu. Nimeshika bakuli la uji wa pilipili manga kwa kulia, simu kwa kushoto, nafuatilia ugomvi wa watu kwenye grupu. Binti yangu alikuwa ananisimulia kitu cha madrasa. Nikawa naitikia, "mmh, mmh". Akanyamaza. Baada ya kitambo nikasikia anamwambia mama yake, bila hasira, kama anayetaja hali ya hewa: "Baba akisema 'mmh' mara tatu ujue hasikii." Alikuwa na miaka saba, na alishafanya utafiti wake.

Sikuacha siku ile. Nilianza na futari tu, simu ikawa inabaki chumbani. Ugomvi wa grupu ulikwisha bila mimi.

21. Babu ndiye anayesambaza video usiku kucha kwenye grupu la ukoo. Nani wa kumwambia?

Mjukuu anayempenda, kwa utani. Si wewe mkwe. Wazee wengi hawana usingizi na hawana wa kuongea naye. Jaribu kwanza kumpigia jioni dakika kumi, uone kama video hazitapungua.

22. Mume wangu yuko Dar, simu ndiyo ndoa yetu. Na mimi niipunguze?

Hapana. Kwako simu haijasukuma ndoa pembeni, inaibeba. Ninachoshauri ni kutenganisha saa ya kuongea na saa nyingine zote za kungoja. Wanawake walio katika hali yako huniambia kinachowamaliza si maongezi, ni kuchungulia: yuko onlaini, mbona hajajibu, tiki zimekuwa za bluu, mbona kimya. Ficha hiyo alama ya "mara ya mwisho kuonekana", yako na yake. Kubalianeni saa, tuseme saa mbili usiku, watoto wakiwa wameshakula. Mpigie video, mpe mdogo ashike simu amwonyeshe baba jino lililong'oka, hata kama baba ataona dari tu na pua. Wakimaliza, chukua simu uende nayo uani muongee ya wawili. Mkishakata, irudishe sebuleni kwenye chaji.